Ardhi ya Umma na Deni la Ahadi

Wahenga walituachia neno fupi lenye uzito: ahadi ni deni. Neno hili tumelizoea baina ya mtu na mtu. Mkopeshaji humkumbusha mkopaji, mposaji hukumbushwa na wakwe, na jirani humkumbusha jirani. Lakini ni mara chache tumejiuliza kama neno hilo lahusu pia ofisi na mwananchi, hasa pale ofisi iliyotoa ahadi inapoondoka na nyingine ikaketi mahali pake. Makala haya yanakusudia kulitazama jambo hilo kwa mfano wa ardhi iliyo mali ya umma, ambayo kwa sheria, kwa amri au kwa tangazo katika Gazeti la Serikali, huhamishwa kutoka chombo kimoja cha umma kwenda chombo kingine cha umma. Swali letu ni hili: ardhi inapohama mkono, je, ahadi zilizotolewa juu yake huhama nayo, au hubaki njiani pasipo mwenyewe?

Tumelichagua swali hili kwa sababu tumelikuta Sekenke. Msafiri atokaye Singida kwenda Nzega, akiisha kupita Misigiri, huteremka mlima Sekenke kuelekea Shelui, na mbele yake hutandazika mbuga ya Wembere, nyeupe wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa masika. Madereva wanaukumbuka mlima huu kwa kona zake. Wanahistoria wanaukumbuka kwa dhahabu yake, kwa kuwa hapa, wakati wa utawala wa Wajerumani, palifunguliwa mojawapo ya migodi ya kwanza ya dhahabu katika nchi yetu. Vita Kuu ya Kwanza ilipowabana Wajerumani na fedha zikawaadimikia, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora, na mwaka 1916 ikafuliwa sarafu za rupia 15 zenye sura ya tembo. Leo sarafu hizo zimo katika makumbusho na katika makabati ya matajiri wa nchi za mbali. Mashimo zilikotoka yamebaki Sekenke.

Tutazame basi jinsi ardhi hiyo ilivyopita mikono mingi bila yenyewe kusogea hata hatua moja. Mwaka 1895 amri ya mfalme wa Ujerumani iliitangaza ardhi yote ya koloni isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe kuwa mali ya dola. Mwaka 1923 Waingereza walitunga sheria yao ya ardhi, wakaitamka kuwa ardhi ya umma iliyo chini ya Gavana. Uhuru ulipopatikana, madaraka ya Gavana yalirithiwa na Serikali yetu wenyewe, na mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa daima, ambao Mwalimu Nyerere alikuwa ameupinga kwa maandishi tangu 1958, ulifutwa na kugeuzwa kuwa upangaji wa Serikali wa muda maalumu. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5. Hizo zilitamka kwamba ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, naye Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Kisha zikaigawa katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi.

Katika muda huo wote mkulima wa Iramba alipanda mtama na uwele wake, akaotesha minyaa mpakani, akazika wazee wake ubavuni mwa boma. Kwa karatasi alikuwa amehamishwa mara nne. Kwa miguu hakuhama.

Neno lililotumika katika sheria ya 1999 ni neno zito. Mdhamini si mwenye mali. Ni mtu aliyewekewa amana. Mila zetu zote, za bara na za pwani, zinamjua mtu huyu. Ni mjomba aliyeachiwa ng'ombe wa yatima. Ni jirani aliyeachiwa ufunguo na msafiri. Mtu wa namna hii hapimwi kwa wingi wa alivyokabidhiwa, hupimwa kwa namna alivyovirudisha. Na akiona hawezi tena, akamwachia mwingine amana ile, hamwachii ng'ombe peke yao. Humwambia: huyu mwekundu ameahidiwa mahari ya kijana fulani, na maziwa ya yule mweupe ni ya bibi kizee wa nyumba ya pili. Akiyanyamazia hayo amekabidhi mifugo, lakini amana ameivunja.

Sasa tuseme tuliloliona kwa macho yetu, ambalo kwa sehemu lilitendwa kwa mkono wetu.

Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa karani kijana, tulitumwa chini ya mlima ule kuandika orodha ya makabidhiano. Chombo kimoja cha umma, ambacho hatutakitaja, kilikuwa kimepewa kipande cha ardhi na wazee wa pale ili kiweke kambi na ghala. Ardhi ile haikutolewa kwa fedha. Ilitolewa katika baraza, chini ya mti, kwa maneno. Ofisa wa wakati ule aliahidi mambo matatu: kwamba makaburi yaliyo upande wa kusini hayataguswa, kwamba njia iendayo kisimani haitafungwa, na kwamba kazi ikiisha, sehemu itakayobaki bila majengo itarudi kwa waliokuwa wakiilima. Baadaye ilionekana ni vema eneo lote lipewe chombo kingine cha umma chenye shughuli nyingine. Uamuzi ulitoka juu, nao ulikuwa halali. Kazi yetu ilikuwa kuhesabu.

Tukahesabu. Tuliandika nyumba, matangi, milango, vitasa na mabati, kila kitu na hali yake, kizima au kibovu. Mzee mmoja alikuwa ameketi juu ya jiwe akitutazama tangu asubuhi. Tulipofunga daftari alituuliza:

“Mwanangu, mabati umeyaandika?”

“Tumeyaandika, mzee.”

“Na kisima?”

Tulimjibu kwa adabu kwamba kisima si mali ya ofisi, na kwa hiyo hakiingii katika orodha. Mzee akanyamaza kidogo, kisha akasema: “Kama si mali ya ofisi, leo nani anakipokea?”

Hatukuwa na jibu. Tulitia sahihi, mpokeaji naye akatia yake, muhuri ukagongwa mara mbili. Baada ya miezi kadhaa ukuta wa seng'enge ukazunguka eneo lote, na njia ya kisimani ikawa ndani. Wazee walipokwenda kuuliza, mpokeaji alifungua faili na kuwaonyesha kwamba hakuna neno lolote juu ya njia. Alisema kweli. Walipokwenda kwa chombo cha kwanza, kilijibu kwamba eneo lile si lake tena. Nacho kilisema kweli. Hapakuwa na mwongo hata mmoja, na hapakuwa na sheria iliyovunjwa. Lakini kina mama walizunguka seng'enge na ndoo vichwani.

Habari haikuishia hapo. Mlinzi wa lango alikuwa mtu mwema, tena alikunywa maji ya kisima kile kile. Akawa anafungua asubuhi na jioni. Kwa muda watu walidhani mambo yamekwisha. Kisha mlinzi akabadilishwa, na wa pili hakuwa na moyo wa wa kwanza. Hapo ndipo tulipojifunza jambo ambalo hatujalisahau hadi leo. Ahadi isipokabidhiwa, haki hugeuka kuwa hisani. Jana mama alipita kwa kuwa njia ni yake. Leo anapita kwa kuwa mlinzi amependa. Maji ni yale yale na ndoo ni ile ile, lakini utu wake umeshushwa daraja.

Msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la pembeni mwa mlima mmoja tu. Utumishi wa umma katika nchi yetu umejaa makabidhiano. Mwaka 1972 mamlaka za wilaya zilipovunjwa kwa mpango wa Madaraka Mikoani, shughuli na mali zake ziliingia mikononi mwa Serikali Kuu. Kwa sheria ya 1982 halmashauri za wilaya zikarudishwa, nazo zikaanza kazi 1984. Msajili wa Majumba, aliyeundwa mwaka 1971, aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Kila mara majengo na viwanja vilibadili jina la mwenye kuvisimamia, na kila mara palikuwa na mpangaji, jirani au mwenye kaburi aliyeambiwa aende dirisha jingine.

Mfano ulio wazi kuliko yote umo kwa majirani zetu wa Dodoma. Mwaka 1973 iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wengi waliijua kwa herufi tatu, CDA. Mamlaka hiyo ilishika hati ya ardhi ya mji, nayo ikawapa wananchi viwanja kwa mikataba ya miaka 33. Kulikuwa na malalamiko mengi: mji mmoja ulikuwa na mabwana wawili, manispaa na mamlaka, na mwananchi alikuwa katikati. Tarehe 15 Mei 2017 Rais Magufuli aliivunja mamlaka hiyo, akaagiza mali na shughuli zake zihamie Manispaa ya Dodoma, na wananchi wapewe hati za miaka 99. Wengi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, maana hapa uhamisho ulikuja na faida iliyotamkwa wazi kwa mwenye kiwanja. Hilo ni somo la kwanza: inawezekana kabisa kuhamisha ardhi ya umma na kulitaja jina la mwananchi katika tendo hilo hilo.

Somo la pili ni chungu kidogo. Kuvunja chombo si kuvunja mgogoro. Yule aliyedai kwamba kiwanja chake kilipewa watu wawili, na yule aliyedai kwamba shamba la wazazi wake lilipimwa kabla hajalipwa fidia, wote waliamka tarehe 16 Mei wakiwa na madai yale yale. Katika miaka iliyofuata mawaziri wa ardhi waliendelea kuketi na watu wa Dodoma na kuwasikiliza. Mafaili yalihama kwa siku moja. Madeni yalihitaji miaka.

Tena uhamisho waweza kubadili sheria juu ya mti ule ule. Mwaka 2019 Pori la Akiba la Kigosi, magharibi mwa nchi, lilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Miti haikuongezeka wala nyuki hawakupungua. Lakini katika hifadhi ya taifa mtu haruhusiwi kutundika mzinga, na wafuga nyuki waliokuwa wakivuna asali humo wakajikuta wako nje. Walilalamika, wakasikilizwa, na baadaye Bunge likaridhia Kigosi kuvuliwa hadhi ile. Tunalitaja jambo hili kwa heshima, kwa sababu dola iliyokubali kurudi nyuma ilionyesha nguvu, haikuonyesha udhaifu. Hata hivyo twajiuliza: kama wenye mizinga wangeulizwa kwa uzito huo huo siku ya kwanza, je, safari ya kwenda na kurudi isingefupishwa?

Na pale ahadi na kumbukumbu zisipohesabiwa kabisa, huzuni huwa kubwa. Upande wa kaskazini mashariki ya Singida, katika nyanda za Hanang, shirika la umma la kilimo lilifungua mashamba ya ngano yaliyofikia ekari 100,000. Nia ilikuwa njema: taifa lilitaka mkate wake wenyewe. Lakini nyanda zile zilikuwa malisho ya Wabarabaig, na ndani yake yalikuwamo makaburi ya wazee wao, yaliyojengwa kwa udongo na kutunzwa kwa ibada. Matrekta yaliyapita baadhi yake. Shauri la kijiji cha Mulbadaw lilifika Mahakama ya Rufani mwaka 1985, na kijiji kikashindwa, kwa kuwa hakikuthibitisha kwa utaratibu wa sheria kwamba ardhi ile kilikuwa kimegawiwa. Shirika lile leo halipo tena, na mashamba yale yamepita katika mikono mingine. Lakini mwenye kaburi hakumsahau babu yake kwa sababu ubao wa shirika umeng'olewa.

Sasa tusikilize hoja za wenye mawazo tofauti, maana si haki kuhukumu upande mmoja.

Wako wasemao: Serikali ni moja. Chombo hiki na kile ni mkono wa kulia na mkono wa kushoto wa mtu mmoja. Kitu kikitoka mkono huu kikaingia huu, kuna haja gani ya kupiga mbiu? Hoja hii ni nzuri, nasi twaikubali, ila twaomba ikubaliwe mpaka mwisho. Kama Serikali ni mtu mmoja, basi ahadi iliyotolewa kwa kinywa chake inaifunga mikono yake yote miwili. Haiwezekani iwe moja wakati wa kupokea na nyingi wakati wa kujibu. Mtu anayechukua kwa mkono wa kulia, kisha akidaiwa akasema mdaiwa ni mkono wa kulia, nao umelala, huyo kijijini kwetu twamjua jina lake.

Wako pia wasemao: tukibeba kila ahadi ya zamani, taifa halitasonga mbele. Shimo la dhahabu la jana laweza kuwa shule ya kesho, na mahitaji hubadilika. Hilo ni kweli. Hatusemi kwamba ahadi haiwezi kuvunjwa kamwe. Twasema iwapo lazima ivunjwe, na ivunjwe mchana, mbele ya waliopewa, kwa sababu inayotamkwa na kwa fidia inayostahili. Sheria yetu ya vijiji imeliona jambo hili. Rais akitaka kuihamisha ardhi ya kijiji iwe ya jumla au ya hifadhi kwa manufaa ya umma, tangazo hutolewa. Eneo lisipozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, Waziri huamua baada ya kupata mapendekezo ya kijiji. Na ardhi haihami kabla fidia haijakubaliwa. Huo ni utaratibu wa kiungwana. Lakini ardhi ikiisha kuingia upande wa vyombo vya umma, safari zake zinazofuata kwa kawaida hufanyika baina ya maofisa na mafaili yao. Mwananchi huulizwa mlango wa kwanza tu. Milango mingine husikia ikifungwa.

Na wa tatu husema: ahadi za mdomo ni rahisi kuzushwa, kesho kila mtu atasema aliahidiwa kisima. Twawajibu kwamba wazee wetu waliishi karne nyingi bila karatasi, lakini hawakuishi bila mashahidi. Mpaka uliwekwa mbele ya majirani, watoto wakaitwa waone, na minyaa ikapandwa. Wachaga nao hupanda masale. Shahidi alikuwa karatasi yenye kutembea. Ikiwa twaogopa uzushi, dawa yake ni kuyaandika maneno siku yanaposemwa, na kuyasoma kwa sauti siku ardhi inapohama.

Kwa hiyo fikira yetu ni nyepesi, wala haihitaji fedha nyingi. Kila sheria, amri au hati inayohamisha ardhi ya umma kutoka chombo kimoja kwenda kingine iambatane na orodha mbili. Ya kwanza ni ile tuliyoizoea, ya nyumba na mabati. Ya pili iwe ya ahadi na madeni: njia, kisima, makaburi, malisho, fidia ambayo haijalipwa, shimo ambalo halijafukiwa. Orodha hiyo isomwe katika mkutano wa kijiji kabla haijatiwa sahihi, na mpokeaji atie sahihi zote mbili. Asiyekubali ya pili asipewe ya kwanza.

Hapo Sekenke itatufundisha tena. Mlimani pale bado wako wachimbaji wadogo, na bado yako mashimo ya kale yasiyo na jina la mtu. Mjerumani aliyachimba, akaondoka. Mwingereza akaja, akaondoka. Dhahabu kila mara ilipata mpokeaji, na leseni kila mara ilipata mwombaji; shimo halikuombwa na mtu. Mtoto wa mchungaji akitumbukia humo hatauliza lilikuwa chini ya idara gani. Ni sisi tutakaoulizwa, kwa kuwa tumetamka katika sheria yetu kwamba ardhi hii ni ya raia wote. Tukisema ni ya wote wakati wa kugawa faida, tuseme ni ya wote wakati wa kufukia shimo.

Utamaduni wa taifa si ngoma na vyungu peke yake. Ni pia namna tunavyopokeana vitu mkononi. Mtoto wa Kitanzania hufundishwa kupokea kwa mikono miwili. Tafsiri yake kwetu ni hii: mkono mmoja hupokea kitu, na wa pili hupokea wajibu wake. Yule mzee wa jiwe ametangulia mbele ya haki, na swali lake lingali pale pale tulipoliacha. Hatuwezi kulirudisha daftari lile. Twaweza tu kuwaachia wenzetu wanaohesabu leo ubeti huu mmoja:

Shamba linapohamishwa, likatoka huku kule,
Hati zikabadilishwa, kwa muhuri uleule,
Mzigo nao hutwishwa, ule mpya na wa kale:
Asiyetwaa ahadi, shamba hajalipokea.